Safari Tulizopangiwa

Mwaka jana binti mmoja aliacha kuja kwenye darasa letu la jioni pale Base Camp. Jina lake sitalitaja. Alikuwa na miaka 17, hesabu anazijua kuliko mimi ninayemfundisha, na alikuwa anajiandaa kurudi sekondari. Wiki ya kwanza hakuonekana, ya pili vilevile. Nikampigia simu. Akasema, "Kaka, sijaacha kwa kupenda. Nauli ya boda kuja na kurudi inazidi pesa ya unga wetu wa siku mbili. Nikija kwa miguu nawakuta mko katikati. Na kurudi ni giza, mama hataki."

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nakivale, na siku ile nilifanya kile tunachofanya siku zote. Nilifungua ripoti ya mwezi, kwenye sehemu ya changamoto nikaandika neno moja: usafiri. Ukisoma ripoti zetu za miaka yote utalikuta neno hilo limekaa palepale, kama mgeni aliyekataa kuondoka. Mwezi uliofuata tukapata hela kidogo za nauli. Mwezi wa pili zikaisha. Binti akarudi wiki tatu, akapotea tena.

Jioni moja nilikuwa nimekaa na mzee jirani yangu, nikamweleza habari hiyo. Mzee huyu alizaliwa Lubumbashi wakati mji bado unaitwa Élisabethville, akahamia Bukavu akiwa kijana, na vita ndivyo vilivyomleta huku. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Sasa mwanangu, shida ni boda, au shida ni yule aliyeweka darasa kule na mtoto huku?"

Sikuwa na jibu. Niliondoka nikiwa na swali lake kichwani, nikaanza kusoma kwenye simu na kuwauliza wazee wengine. Haya ninayoandika ni jibu langu kwa mzee, na limechelewa.

Hakuna anayesafiri bure

Watu waliosomea mambo ya usafiri wana wazo moja rahisi, ambalo bibi yangu alilijua bila kusoma. Wanasema mtu hasafiri kwa ajili ya kusafiri. Kuna anayefuata maji, mwingine kazi, mwingine soko, daktari, saini ya ofisini, au mchumba. Safari ni mtoto wa haja nyingine.

Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini watu wa mahali fulani wanatembea sana, usianze kwa kuhesabu magari na boda. Anza na ardhi: nyumba ziko wapi, shamba liko wapi, kazi iko wapi, hospitali iko wapi. Ukimaliza hapo, angalia utaratibu: ofisi inafungua saa ngapi, karatasi moja inakutaka ufike mara ngapi, watu wote wanaitwa siku moja au kila kundi na siku yake. Mpango wa ardhi na mpango wa huduma ndivyo vinavyozaa haja ya safari. Barabara na boda vinakuja nyuma, vinahudumia haja ambayo imeshazaliwa.

Tena mpango haujiotei wenyewe kama nyasi. Kuna mtu aliyekaa mezani akauchora, na alikuwa na sababu zake. Ndiyo maana nimeona niandike historia badala ya malalamiko.

Ndugu wawili wa Élisabethville

Mji wa Élisabethville ulianza mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika pale. Wabelgiji walichora mitaa iliyonyooka, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi kikaanza kazi. Shaba ilitaka watu, na watu wakaletwa kutoka kila upande.

Mwaka 1921 mtaa wa Waafrika ulihamishwa ukapelekwa kusini ya mji, mahali tunapopaita leo Kamalondo. Kati ya mtaa huo na mji wa Wazungu uliachwa ukanda mtupu, upana wake kama mita 500, ambao Wabelgiji waliuita zone neutre. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya afya. Mbu wa malaria, walisema, akishamuuma Mwafrika hawezi kuruka umbali wote ule akamfikie Mzungu. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuwa mjini bila karatasi. Lakini asubuhi ilikuwa lazima chai iwe mezani, nguo ziwe zimepigwa pasi na ofisi ziwe zimefagiliwa. Mbu alizuiwa kuvuka. Mpishi hakuzuiwa, yeye aliambiwa tu atembee.

Miji mingine ya Kongo ilifuata mtindo huohuo. Kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ukanda wa kutenganisha waliujaza uwanja wa gofu, bustani ya miti na bustani ya wanyama. Hebu fikiria: unatoka kazini umechoka, na kitu kinachorefusha njia yako ni mahali pa mtu mwingine kucheza mpira mdogo.

Mzee wangu alinieleza jambo hili kupitia familia yake. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière pale kiwandani. Baba yake mdogo alikuwa mpishi kwa Mzungu mjini. Ndugu wawili, tumbo moja.

Baba aliishi kambi ya kampuni, karibu kabisa na kiwanda. Kambi zile zina historia yake. Miaka ya mwanzo kampuni ilichukua vibarua wa mikataba mifupi, wanaume peke yao. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengine walitoroka, na kila mara ilibidi watafutwe wapya kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mpango. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu mtu aje na mke wake, ikajenga nyumba, zahanati na shule kwenye kambi. Mzee anakumbuka king'ora cha kiwanda kikilia wakati baba yake bado ananawa uso, na hakuchelewa.

Baba mdogo alikaa Kamalondo. Aliondoka nyumbani nyota bado zinaonekana, akavuka ule ukanda mtupu, na alirudi watoto wake wameshalala. Bibi wa Kizungu akiwa na wageni, ilibidi amwandikie karatasi ya kupitia usiku.

Nilipoisikia hadithi hii niliuliza kwa nini mmoja atembee dakika chache na mwenzake aukate mji mara mbili kila siku. Jibu nimeliona kwenye hesabu ya matajiri wao. Kampuni ilijua kwamba mtu akichoka njiani, shaba inapotea. Kwa hiyo ikalipia ukaribu. Muda wa mpishi haukuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote. Yeye umbali aliulipia mwenyewe, kwa miguu na kwa usingizi wake.

Nilitaka nimalizie hapo, kwamba ukaribu ni mzuri na umbali ni mbaya. Mzee akanikatiza. "Usidhani kambi ilikuwa peponi. Kampuni ilijua nani amelala nyumbani kwako. Chakula ni chake, shule ni yake, nyumba ni yake. Baba akitoka kazini, tunatoka na nyumba." Mbuzi aliyefungwa kamba fupi naye yuko karibu na majani yake. Kwa hiyo kuna maswali mawili, si moja. La kwanza, vitu viko karibu au mbali? La pili, nani aliamua, na kwa faida ya nani?

Nyumba nzuri, njia ndefu

Baada ya Vita Kuu ya Pili miji ilijaa. Mwaka 1952 serikali ya Ubelgiji iliunda ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika, Office des Cités Africaines. Ndugu zangu wa Burundi, ofisi hii mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua: ndiyo iliyojenga Ngagara, na mpaka leo watu wa Bujumbura wanapaita pale OCAF. Kule Lubumbashi ilijenga Ruashi. Kwetu Bukavu ilijenga Bagira.

Nyumba zilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Wazee wanazisifu na wana haki ya kuzisifu: matofali, mitaa iliyonyooka, shule, zahanati. Lakini mitaa ile iliwekwa nje ya mji, kwenye ardhi iliyokuwa wazi, mbali na mahali pa kazi. Waliwapeleka watu kulala kule. Ofisi, bandari, viwanda na maduka makubwa vilibaki vilipokuwa.

Baba mdogo wa mzee alipata nyumba Ruashi. Kwa mara ya kwanza watoto wake walikuwa na chumba chao, na yeye akanunua baisikeli kwa mkopo, kwa sababu sasa miguu peke yake haikutosha. Mzee anasema alfajiri barabara ya Ruashi ililia kengele za baisikeli kama kundi la mbuzi linalokwenda mtoni. Mtu angeweza kusimama pale akasema, "Tazama, Waafrika wameendelea, wana vyombo vya usafiri." Kumbe baisikeli ile ilikuwa kodi ya pili ya nyumba.

Sehemu hii ndiyo iliyonifungua macho. Maisha yaliboreka ndani ya nyumba, na palepale haja ya safari ikaongezeka. Hakuna aliyeamka siku moja akapenda kwenda mbali. Ramani ilibadilika, na miguu ikafuata ramani.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, hakuna tena aliyehitaji karatasi ya kupita mjini usiku. Mwaka 1966 Élisabethville ikaitwa Lubumbashi. Sheria zinafutwa kwa saini na majina yanabadilishwa kwa tangazo la redio. Kilomita hazifutwi hivyo. Mimi nimekulia Bagira, miaka mingi baada ya Mbelgiji wa mwisho kuondoka na sanduku lake. Mama yangu alikuwa anauza sambaza soko la Kadutu. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri na beseni kichwani, na sisi watoto tulijua mama hurudi na giza. Nilikua nikidhani Mungu ndiye aliyeliweka soko mbali. Hakuna aliyeniambia kwamba kulikuwa na meza, kalamu na mtu.

Nakivale na umbali wa mkulima

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo tunapoishi.

Nakivale ilianza mwaka 1958 na ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Waliokuja kwa wingi wakati ule walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959, na wengi walikuja na ng'ombe wao. Ng'ombe anataka malisho, anataka ziwa, na ziwa lipo. Shamba nalo linataka nafasi. Makazi yakapewa eneo kubwa, kama kilomita za mraba 185, ambayo ni karibu mara tatu ya mji wa Bukavu. Ndani yake leo tuna maeneo matatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na vijiji vingi vilivyotawanyika kati yake.

Sitaki kuilinganisha Uganda na Wabelgiji, hiyo itakuwa dhambi. Hapa hakuna ukanda uliotengwa ili tusimwambukize mtu. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Tulipewa ardhi, na nina rafiki kwenye kambi za nchi nyingine ambao hawana hata mahali pa kupanda kitunguu. Wakisikia mtu wa Nakivale analalamika, wanacheka.

Lakini zawadi nzuri nayo ina umbo lake. Ukimpa kila mtu shamba, nyumba zinaachana. Nyumba zikiachana, bomba, shule na zahanati haviwezi kuwa karibu na wote. Kwa mkulima na mfugaji wa mwaka 1960 hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu safari zake zilikuwa fupi: nyumbani, shambani, ziwani. Chakula chake kilikuwa mlangoni.

Halafu sisi tukaja. Wakaja Wakongo kwa mawimbi ya vita, mara 1996, mara 1998, mara 2008, mara 2012, na wanaendelea kuja. Wakaja Wasomali wenye maduka. Mwaka 2015 wakaja Warundi wengi. Kati yetu kuna washonaji, wasusi, walimu, mafundi simu, wanafunzi, watu wa Goma na Bujumbura ambao jembe walilijua kwa kuliona. Kadiri tulivyoongezeka, kiwanja cha kila familia kilipungua. Aliyefika zamani anaweza kuwa na shamba la kulisha nyumba. Aliyefika juzi ana mahali pa kujenga na mistari michache ya maharage.

Kwa hiyo leo wengi wetu hatuishi kwa shamba peke yake. Tunafuata pesa, kibarua, karatasi, darasa, mteja. Vitu hivyo haviko mlangoni. Tumebaki na umbali wa mkulima, lakini shamba la mkulima hatuna.

Huduma nazo zina tabia yake. Ofisi ya kwanza ikijengwa mahali, ya pili inajengwa pembeni yake, kwa sababu pana umeme, pana ulinzi, pana barabara. Ya tatu hivyohivyo. Kwa mtu anayefika na gari kutoka Mbarara asubuhi na kurudi jioni, Base Camp ni mahali pazuri sana: kila kitu kiko karibu. Anashuka mara moja anamaliza mikutano mitatu. Mama anayetoka kijiji cha mbali anaona kinyume chake. Kwake kila kitu kiko mbali, na kiko mbali kwa pamoja. Tena kama ninavyoona mimi, mara nyingi anayefika mwisho ndiye anayepata kiwanja cha mbali, maana cha karibu kimeshapata mwenyewe. Mwenye pesa kidogo kuliko wote ndiye mwenye nauli kubwa kuliko wote.

Ramani za vijana

Baada ya mazungumzo na mzee niliwapa vijana wetu kazi. Kila mmoja achukue karatasi, achore nyumbani kwao katikati, na kwa wiki moja aweke mstari kwa kila safari. Mstari mfupi kwa karibu, mrefu kwa mbali. Pembeni aandike alifuata nini.

Zilirudi karatasi zenye mistari kama buibui amekanyaga wino. Tulizitundika ukutani na tukaziangalia kimya kwa muda.

Mambo matatu yalionekana bila kuhesabu sana. La kwanza, wasichana walikuwa na mistari mingi mifupi, ya maji, kuni, kinu, kumpeleka mdogo zahanati. Wavulana walikuwa na michache mirefu. Darasa letu lilipangwa kwa mtu mwenye mistari michache mirefu, na sisi hatukujua. Saa kumi na moja jioni kwetu tuliita "muda wa mapumziko." Kwa binti ni muda wa madumu na moto.

La pili, safari nyingi zilikuwa za kurudia. Kijana mmoja alikwenda mahali pamoja mara tatu kwa karatasi moja: mara ya kwanza aliambiwa mhusika hayupo, mara ya pili aliambiwa alete nakala, mara ya tatu akaipata. Safari mbili kati ya hizo hazikusababishwa na umbali. Zilitengenezwa na utaratibu. Kama kungekuwa na tangazo mlangoni au ujumbe kwenye simu, boda asingehitajika.

La tatu ni siku ya malipo. Siku ile kila mstari unaelekea upande mmoja. Boda wanajua, na nauli inapanda, na siwalaumu, nao wana watoto. Lakini siku si mlima, siku inapangwa. Wale ambao pesa yao ilihamia kwenye simu walituonyesha jambo hilo: mstari wao wa siku ya malipo ulifupika ukawa mpaka kwa wakala wa kijijini. Hakuna barabara mpya iliyojengwa. Utaratibu ulibadilika, na safari ikafa yenyewe.

Wahudumu wa mashirika mnaosoma gazeti letu mnaijua namba ya mita 500. Iko kwenye viwango vya Sphere: nyumba isiwe zaidi ya mita 500 kutoka mahali pa maji. Nilipoisoma nilishtuka, nikakumbuka ule ukanda wa Élisabethville. Urefu ni uleule. Wale waliupima ili watu wasifikiane, na hawa wanaupima ili maji yawafikie watu. Namba haina moyo. Moyo uko kwa anayeipima.

Mji wa Curitiba

Msomaji anaweza kuniuliza: je, kuna mahali walipopanga ardhi na usafiri pamoja, ikawezekana? Nitatoa mfano mmoja wa mbali, kwa sababu unaeleweka haraka. Kule Brazili kuna mji unaitwa Curitiba. Mwaka 1974 walianzisha mabasi ya haraka yenye njia yake, wakati meya wao alikuwa mchoraji wa majengo anayeitwa Jaime Lerner. Watu wengi wanausifu mji ule kwa mabasi. Lakini mabasi ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni sheria ya ardhi: majengo marefu, maduka na ofisi viliruhusiwa hasa kandokando ya njia za basi, na kadiri unavyokwenda mbali na njia hizo, majengo yanakuwa mafupi. Basi likapita pale watu walipo, na watu wakakaa pale basi linapopita.

Sisi hatuna majengo marefu wala mabasi. Lakini wazo lao halihitaji saruji. Linasema: usipange huduma leo na kuuliza kesho watu watafikaje. Maswali hayo mawili ni swali moja.

Tulichobadilisha

Nisimalize bila kusema tulifanya nini, maana maneno bila kazi hayamfundishi mtu hesabu.

Hatukuomba nauli tena. Tuliomba ruhusa ya kutumia kibaraza cha kanisa katika kijiji anakotoka yule binti, siku mbili kwa wiki, saa nane mchana, kabla ya muda wa madumu. Mwalimu ni mmoja na wanafunzi wa upande ule ni kumi na wawili, kwa hiyo sasa anayepanda boda ni mimi. Nauli ya mmoja badala ya kumi na wawili. Ubao ni mlango wa zamani tulioupaka rangi nyeusi. Mvua ikinyesha kwa upepo tunalowa.

Lazima niseme pia kisichopendeza. Siku ya kwanza binti yule hakuja. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa ajili yake, na hakuja. Alikuwa ameshaanza kuuza mandazi pale njiani, na mama yake alikuwa ameizoea ile pesa. Miezi aliyopotea haikurudi kwa sababu sisi tumehama. Siku ya kwanza alikuja mdogo wake. Wiki ya nne akaja mwenyewe, amebeba beseni la mandazi, akauza nje kwanza, halafu akaingia akakaa nyuma. Tangu hapo anakuja siku moja, siku nyingine haji. Hesabu bado anazijua kuliko mimi.

Nimejifunza kwamba umbali haukufungii mlango kwa kishindo. Unakuchelewesha leo, unakuchosha kesho, na siku moja unajikuta una maisha mengine. Ndivyo ulivyofanya kwa mama yangu na soko la Kadutu, na kwa yule mpishi wa Kamalondo ambaye watoto wake walimjua akiwa amelala.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wawili. Wewe unayepanga, uliye na ramani na bajeti: kabla hujachagua mahali pa kujenga, tembea. Usije na gari. Toka kijiji cha mwisho saa ile ambayo mama anatoka, beba anachobeba, na urudi saa anayorudi. Halafu ukae mezani uchore. Kama huwezi kusogeza jengo, sogeza saa. Kama huwezi kusogeza saa, punguza karatasi.

Na wewe ndugu yangu mkazi: tukiitwa kwenye mkutano tusiseme tu "usafiri ni shida," kama nilivyoandika mimi miaka yote. Tuseme tunafuata nini, mara ngapi, na nani alikiweka kule. Wazee wetu hawakuulizwa kabla ya mita 500 kuchorwa. Sisi tukipata nafasi ya kuulizwa, hata kama ni kwa nusu saa chini ya mti, tujibu vizuri.

Nilimsomea mzee andiko hili kabla ya kulileta. Akanyamaza, halafu akasema nimesahau kitu kimoja: baba yake mdogo aliiweka baisikeli ile mpaka mwisho wa maisha yake, na aliipenda. "Mtu anaipenda hata safari aliyopangiwa," akasema. "Ndiyo maana ni vigumu kuiona."